Usukani Mzito hadi Mshangano

Ninyi wenzangu wa kwaya na majirani wa Mjimwema, nimechoka kusimulia kipande kipande. Mmoja ananisimamisha sokoni, mwingine ananiuliza katikati ya mazoezi mpaka sauti ya pili inabaki inaimba peke yake. Mwisho wake mnaujua, maana wengi wenu mlikuwepo uani siku tuliyofika. Msichokijua ni njia tuliyopita, na kwa nini tulikaa barabarani karibu juma zima kwa safari ambayo basi linaimaliza kabla hujasahau ulichokula asubuhi. Basi kaeni, leo nasimulia yote, halafu msiniulize tena.

Nianze na Mama. Mnajua alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimfunga macho yote mawili wakati ule ule wa foleni za sabuni na sukari, na miaka yote hii amekuwa akitutambua kwa sauti na kwa kutupapasa nyuso. Kaka yangu Osmund, aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja Dar es Salaam mpaka walipopunguzwa kazini, ndiye aliyemchukua kwa matibabu. Mimi nilifuata kumuuguza. Jicho moja likafunguka. Siku bandeji ilipotolewa alinitazama kwa muda, akasema, "Skola, kumbe umefanana na bibi yako mkorofi." Nililia kwa furaha, ingawa maneno yenyewe hayakuwa ya kufurahisha.

Furaha haikukaa. Ikafika habari kwamba Mama Mkubwa Editha, dada yake Mama anayekaa Mshangano, amelala kitandani na hali yake si nzuri. Mama hakulia. Alivaa miwani yake mizito, akasema, "Nataka nimwone dada yangu uso. Kumshika nimemshika miaka yote. Nataka kumwona."

Daktari alikuwa amekataza basi, kwa mtikisiko na vumbi. Lakini Osmund alikuwa na gari, stesheni wagoni ya Kijapani iliyoshatumika huko kwao, maana siku hizi za ruksa hata mtunza stoo anaweza kuwa na gari. Tukaondoka kwa hilo.

Dar hadi Morogoro

Siku mbili kabla ya safari, Osmund alikuwa amebadilisha pampu ya stelingi, ile inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi. Ya zamani ilikuwa inavuja mpaka gari linaacha alama kila anapoegesha. Akaweka nyingine, akatusifia kutoka Dar mpaka Kibaha jinsi usukani unavyozunguka kwa kidole kimoja.

Karibu na Chalinze gari likaanza kulia. Kila akikata kona linatoa mlio mwembamba, kama mbuzi aliyesahauliwa nje. Osmund akasema ni upya, vitu vipya hulia kwanza. Tulipofungua boneti, ndani ya kikopo cha oili kulikuwa na povu limejaa hadi kwenye mfuniko, unaweza kudhani mtu amevundika togwa.

Mama hakuwa na habari na povu. Alikuwa ameduwaa mbele ya vibanda vya Chalinze. "Hizo ni sabuni?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo. "Zimelala tu pale, na hakuna anayezigombania?" Mara ya mwisho macho yake kuona sabuni dukani, watu walikuwa wamepanga mawe kwenye foleni tangu alfajiri. Akaomba anunuliwe mche mmoja. Aliushika mapajani mpaka Morogoro, akiunusa.

Baada ya hapo yakaja mashamba ya mkonge, mistari kwa mistari. Mama akasogea dirishani. Osmund naye akapunguza mwendo bila kuambiwa. Baba yetu alikata mkonge upande ule alipokuwa kijana, kama Wangoni wengi wa wakati wake, na Mama alimfuata akiwa mke mgeni. "Pale palikuwa na nyumba za mabati," alisema akionyesha kichaka. "Jioni wanaume wa kwetu walicheza ligambusi, ngoma yetu ya nyumbani, wewe Osmund ukiwa mgongoni." Sikuona nyumba wala bati. Nilitamani niwe nimezaliwa wakati ule, niione hiyo jioni.

Fundi wa Morogoro aliukaza mkanda wa feni, akasema tatizo limekwisha. Mlio ulipungua kidogo. Tulikula wali kwa maharage kwa mama ntilie mmoja, tukalala kwa amani ya uongo.

Morogoro hadi Iringa

Tulipita Mikumi tukiwa wazima. Mama akawaona tembo, akadai wamepungua ukubwa tangu enzi zake. Baada ya hapo usukani ukaanza kuwa mzito, ukilegea kidogo na kukaza tena. Tukafika chini ya mlima wa Kitonga.

Wanaoujua mlima ule hawahitaji maelezo. Upande mmoja ukuta, upande mwingine bonde ambalo huoni chini yake. Osmund alikuwa anaung'ang'ania usukani kwa mikono miwili, ameinuka kwenye kiti, jasho linamdondoka kidevuni. Kila kona tulipita polepole kiasi kwamba ningeweza kushuka na kuchuma maua. Mama alikuwa kwenye rozari, na kila gari lilipolia aliongeza sauti ili Bikira asikose kumsikia. Nyuma yetu kulikuwa na lori. Dereva wake hakupiga honi hata mara moja. Tulipofika juu akasimama, akatuletea maji kwenye dumu.

"Mzee, shikamoo," akamwambia Osmund. "Ulikuwa unaendesha au unapigana mweleka?"

"Marahaba. Gari jipya hili," Osmund akajibu, akihema. "Bado tunazoeana."

Iringa tuliingia tumechoka hoi. Fundi wa pale alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema kuna upepo umeingia kwenye oili, na pampu haiwezi kusukuma upepo. Akapiga jeki mbele mpaka magurudumu yote mawili yakaning'inia, akaniweka mimi kwenye usukani, gari likiwa limezimwa. "Zungusha kulia mpaka mwisho. Rudi kushoto mpaka mwisho. Polepole, mama, hatukimbizani." Kila nilipozungusha, vipovu vilipanda kwenye kikopo, naye anaongeza oili. Nilizungusha mpaka mabega yakawa kama nimetwanga gunia zima. Mwishowe vipovu vikaisha, oili ikatulia, gari likawashwa na usukani ukawa laini.

Oili yenyewe ilikuwa imetuchukua siku nzima kuipata. Tuliingoja gereji pamoja na Mzee Rajabu, mfanyabiashara wa korosho anayerudi kwao Tunduru, ambaye gari lake lilikuwa limefunguliwa injini. Alikuwa na upole wa watu wa kule. Mama alipomweleza habari za dada yake, alitikisa kichwa kwa huruma.

"Subira, mama yangu. Mwenyezi Mungu aliyekurudishia nuru hawezi kukunyima cha kukitazama, inshallah."

Akampa kifuko cha korosho, ampelekee mgonjwa. Mama akazifunga kwenye pindo la kanga. Mpaka leo tukila korosho nyumbani, Mama humtaja.

Iringa hadi Makambako

Mpaka Mafinga tuliimba. Osmund ana sauti ya nne nzuri sana, ninyi hamjawahi kuisikia kwa sababu aliondoka Songea kijana. Tuliimba nyimbo za zamani za Kilatini ambazo hakuna anayezijua tena, Mama akitukosoa. Barabara ilikuwa tupu, misonobari pande zote, mvua nyepesi. Kama kuna kipande cha safari ile ninachotamani kurudishiwa ni kile. Watu watatu wa nyumba moja ndani ya gari, na hakuna anayefikiria kitu kingine.

Baada ya Mafinga, mbuzi akalia tena.

Makambako ni baridi, mnajua. Tulikunywa chai ya maziwa na chapati huku fundi, kijana mmoja aliyevaa koti la jeshi, akitazama injini bila kugusa kitu. Alisema upepo ulitolewa vizuri Iringa, lakini unaingia mwingine. Akachukua kitambaa, akakiloweka oili, akakizungushia kwenye mpira mfupi unaotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu. Gari lilikuwa linanguruma. Mlio ukapungua hapo hapo. Akakitoa, ukarudi.

"Mpira huu," akasema. "Umekakamaa. Unanyonya upepo."

"Hauvuji hata tone!" Osmund akaja juu. "Pitisha mkono. Mkavu!"

"Hauwezi kuvuja, mzee. Upande huu pampu inavuta. Wenye tundu upande huu haumwagi, unanyonya. Mlipobadili pampu mngebadili na huu."

Hapo niwaambie jambo kuhusu kaka yangu. Miaka yote ya uhaba alikuwa mlinzi wa rafu. Watu wazima walimpigia magoti kwa bolti moja. Kwake kulikuwa na sheria: kipya hakitoki stoo mpaka cha zamani kiwe kimekufa na maiti yake imeletwa. Hakuwa mbaya, ndivyo kiwanda kilivyoweza kuamka kila asubuhi. Lakini kiwanda kimeuzwa, rafu zimebomolewa, na ile stoo imehamia kifuani mwake. Nyumbani kwake kuna vikombe vipya ambavyo havijawahi kuonja chai.

Kijana akauliza kama tuna mpira mwingine, maana Makambako nzima hakuna wa saizi ile, labda Mbeya. Osmund akatazama ukungu. "Huu bado mzima," akasema. "Ufunge."

Basi ukafungwa kwa utepe wa mpira wa tairi, ukazungushwa na kukazwa mpaka ukanenepa. Ndivyo tulivyoishi sote wakati ule, kuanzia baiskeli mpaka miguu ya vitanda. "Mkipata mpya, mtupe huu," kijana akatuagiza. Tulilala hapo hapo. Mama alikuwa ameanza kuhesabu siku, nikamsikia akimwambia dada yake, kama yupo pale, "Ngoja kidogo, Dada."

Makambako hadi Madaba

Mama hakuwa amewahi kuiona lami hii. Macho yake yalipofungika, njia ya Songea ilikuwa ya udongo mwekundu, malori yanalala wiki nzima kwenye tope na abiria wanapika hapo hapo, wanajuana, wengine wanachumbiana. "Imekuwa nzuri," alisema tulipopita Njombe. Halafu akaongeza, "Lakini watu hawasalimiani." Alikuwa anasikitika kweli.

Karibu na Madaba, kwenye kona, usukani ukagoma kabisa. Oili ilikuwa imeulainisha ule utepe, ukaachia, na upepo ukajaa wote kwa mkupuo. Osmund alivuta, gari likakataa, tukatoka barabarani taratibu, pua kwanza, ndani ya shamba la mahindi. Hakuna aliyeumia. Mahindi tuliyoyalaza yalikuwa ya Mama Kasto, mama mmoja wa pale, aliyekuja mbio na jembe mkononi. Alipomwona Mama akalitupa jembe na kutandika mkeka.

Jua lilikuwa limetoka na jicho la Mama lilikuwa linauma kwa mwanga. Nikamlaza kwenye mkeka, nikamfunika kanga mpaka usoni. Wakati huo huo basi la Songea likapita. Dirishani nikamwona jirani yetu wa hapa Mjimwema, fundi cherehani, ambaye simtaji jina kwa kuwa ameshaleta kuku wa kuomba radhi. Nikainua mikono yote miwili juu kumpungia, kumwambia hatujambo, waende tu. Basi halikusimama. Nikamwona ameshika kichwa. Sikulifikiria zaidi.

Osmund alikuwa amekaa kwenye tuta, kichwa chini. "Skola," alisema, "nimemkosesha Mama. Nimemkosesha kabisa."

Mama akajifunua kanga. "Osmund, baba, njoo. Kwenye kiti changu, chini ya mto, kuna kitu kimekunjwa kwenye gazeti. Nimekikalia tangu Dar. Ni nini?"

Osmund akainua kichwa. Mama Kasto akanitazama, nami nikamtazama yeye.

"Nilikipapasa siku ya kwanza," Mama akaendelea. "Nikadhani ni mpira wako wa kumwagilia bustani, nikasema siyo neno, makalio yangu ni ya kizamani. Lakini jana nilikiona alichoshika yule kijana. Nimeona, baba. Siku hizi naona."

Osmund akaenda garini, akarudi nacho. Mpira wa oili, mpya, mweusi, una unga wake bado. Aliununua siku moja na pampu.

"Kwa nini hukuuweka?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nilikuwa nautunza." Alisema polepole, kama mtoto aliyekutwa na asali. "Akiba haiozi, Mama. Ni kwa ajili ya siku ya shida."

Mama akatazama gari lililozama kwenye mahindi, mwanawe aliyelowa jasho, na mkeka wa mtu baki aliolalia.

"Na leo, baba, ni siku gani?"

Osmund akainuka. Aliingia chini ya boneti na spana. Nikamwona anafuta macho kwa mkono wenye oili, na hasira yangu ikaisha. Wanaume wa pale wakalisukuma gari mpaka barabarani, tukapiga jeki, nikakaa kwenye usukani kama nilivyofundishwa Iringa. Kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Osmund anamimina, vipovu vinapanda, vinapungua, vinakwisha. Alipowasha, gari halikulia tena. Lakini jua lilishazama na mvua imeanza. Tulilala kwa Mama Kasto, akatulisha magimbi na mahindi ya kuchoma kutoka kwenye mabua yale yale tuliyoyaangusha. Alikataa fidia. "Yameshaliwa na wageni," alisema, "ndiyo kazi yake."

Madaba hadi Mshangano

Asubuhi usukani ulikuwa mwepesi kama wa baiskeli. Tulipita Songea mjini bila kusimama. Tulipokaribia Mshangano nikaona watu nje ya nyumba ya Mama Mkubwa. Wanaume wamekaa kwenye magogo. Wanawake wamejifunga kanga kichwani, moto mkubwa umewashwa nje, masufuria yamebandikwa.

Mama naye aliona. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba zamani ningeweza kumficha.

"Tumechelewa," alisema. Akavua miwani, akaishika mapajani. Osmund alizima gari mbali na nyumba na akashindwa kushuka.

Halafu ninyi kwaya nzima mkageuka. Mnakumbuka wenyewe. Mama Batista alipiga yowe akaangusha ndoo, wengine mkakimbilia nyuma ya nyumba, na Padre akafanya ishara ya msalaba. Yule fundi cherehani alikuwa amewaambia gari limepinduka Madaba, Mama amelala chini amefunikwa, na Skola analia mikono kichwani. Mlikuwa mmekuja kutulilia sisi. Sisi tulidhani mnamlilia yeye.

"Editha?" Mama aliuliza watu wote. "Dada yangu?"

Mtu akamjibu kutoka ndani, sauti nyembamba lakini yenye ukali wake ule ule.

"Nimewaambia tangu jana muepue hayo masufuria! Fotunata mdogo wangu hawezi kufa kabla sijamwona ananiona."

Mama alivaa miwani yake, akaingia. Mimi nilibaki mlangoni. Alipiga goti kando ya kitanda. "Shikamoo, Dada." Hakusubiri marahaba. Alimtazama tu, paji la uso, mashavu yaliyobonyea, meno mawili yaliyobaki.

"Umezeeka, mlongo wangu," akasema, kwa neno letu la kumwita ndugu.

"Wewe je? Hujapewa kioo huko Dar?"

Wakacheka mpaka Mama Mkubwa akakohoa. Halafu akanyoosha kidole kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nikalifungua. Juu kabisa kulikuwa na doti ya kanga, mpya, haijawahi kukatwa, lebo bado imebandikwa. Niliijua. Mama aliinunua kwa kupapasa miaka ile alipokuwa haoni, akaambiwa na muuzaji ni nyekundu yenye maua, akamzawadia dada yake.

Osmund alikuwa amesimama nyuma yangu. Mama alimtupia jicho, kisha akamgeukia dada yake kwa ukali wa mapenzi. "Na wewe pia? Miaka yote umelala na matambara na hii imefungiwa sandukuni? Ulikuwa unaitunzia nini?"

"Ulininunulia kitu usichokiona," Mama Mkubwa alijibu. "Nikasema siivai mpaka siku utakayoniona nimeivaa."

Niliikata kwa kisu cha jikoni. Tulimvika Mama Mkubwa kipande kimoja, naye akaamuru cha pili ajifunge Mama. Ilikuwa ya kijani. Mama aliitazama, akamtukana yule muuzaji aliyemwambia nyekundu, na dada yake akatafuna korosho za Mzee Rajabu taratibu, akiangalia anavyoangaliwa.

Mnajua Mama Mkubwa tulimzika baada ya mavuno, amevaa kipande chake. Osmund amerudi Dar, na nasikia vile vikombe vinatumika. Nyumba ya Mshangano imefungwa, na mimi nikipita barabara ile husikia mbuzi analia kwenye injini, nikatamani ingekuwa kweli, tuwe bado njiani.

Mama anaivaa ile kanga yake ya kijani, kile kipande cha pili, kila siku, hata shambani. Imeanza kupauka. Juzi nilimwambia, Mama, iweke, uivae Jumapili tu. Alikuwa anapalilia, hakuinua hata kichwa.

"Niitunze ya nini? Niliyetakiwa kumwona nayo nimeshamwona."